Miguu ya Mchoma Matofali

Haya niliambiwa na mke wa mchoma matofali, msimu wa mvua uliopita, kazi iliposimama na tanuri likiwa limefunikwa.

Mumewe, waliyemwita Upepo, alikimbia mbio za kutwa nzima milimani. Alirudi hoi. Kesho yake alfajiri akafunga viatu tena. Mbio kubwa, alizozingoja tangu ujana, zilikuwa zimekaribia.

"Baba watoto, hata ngazi unashuka kinyumenyume," mke alimwambia.

"Mwili ukipoa unaganda. Wacha nitoe uchovu kwa jasho."

Akameza vidonge vya maumivu, akatoka. Kila siku hivyo hivyo, na kila siku alizidi kuwa mzito. Usingizi ukampaa. Sahani akaisukuma. Watoto wa jirani walimpita mbio wakisema, "Leo upepo umetulia." Hakucheka. Alikaa kizingitini akiitazama miguu yake kama mali ya mtu mwingine.

"Nimekwisha, mama watoto."

Asubuhi moja mkojo wake ulitoka mweusi kama chai ya rangi. Mke alimkimbilia jirani yao, muuguzi.

"Hospitali, sasa hivi," muuguzi alisema.

Alilazwa, akatundikiwa dripu. Muuguzi akaja kumtazama.

"Shemeji, mbio ndefu huchanachana nyama za miguu. Hujiunga ukipumzika, ukilala, ukila na kunywa maji. Wewe umekimbia zikiwa na vidonda. Uchafu wake umeingia damuni, ukaziumiza figo. Vidonge navyo vimeongeza ubaya."

"Kwa hiyo nisikimbie tena?"

"Utakimbia, daktari akikuruhusu. Kwanza pumzika majuma kadhaa, tembea kidogo tu. Maumivu yakiisha, usingizi na hamu ya chakula vikirudi, ndipo uanze, polepole."

Mke akadakia, "Tanuri mbona hulifungui mpaka lipoe? Nikigusa tofali moja tu unanifokea."

"Likifunguliwa lingali na moto, matofali yanapasuka," alijibu. Kisha akaegemea mto, akafumba macho.

Figo zilipona, akarudi nyumbani. Mbio kubwa zilimpita. Siku hiyo wakimbiaji walipita chini ya dirisha lake, viatu vingi kama mvua juu ya bati. Akajifunika shuka usoni, mabega yakitikisika. Mke hakusema pole. Alimpa maji, akanywa yote.

"Mkojo?"

"Mweupe."

"Basi lala."

Mke alijinyoosha kando yake, akasinzia. Upepo alisikiliza mpaka kiatu cha mwisho, cha mtu anayechechemea, kikapita. Naye akalala.