Kichujio Kilichojua Sauti Moja

Walikutana ngazini, siku lifti ilipogoma na jengo zima likashuka kwa miguu. Dada wa blauzi ya njano alipokea simu za ambulensi ghorofa ya tano. Kijana wa shati lililokunjamana alikuwa fundi wa sauti ghorofa ya pili. Fundi akajigamba kwamba kazi yake ni kuondoa kelele kwenye simu.

"Basi anza na zako," dada akamjibu. Kijana wa watu akanasa hapo hapo.

Miezi minne wakapigiana simu kila mchana. Fundi alikuwa akitengeneza kichujio cha kompyuta kinachojirekebisha kelele zinapobadilika. Vipimo vyake hakuvipanga kwa mkono, alivizalisha kama mfugaji wa kuku: mia vinashindanishwa, vinavyosafisha sauti vizuri vinapandishwa, watoto wao wanageuzwa kidogo, vibovu vinatupwa, kizazi baada ya kizazi. Ila mashindano yalihitaji sauti ya kupimia. Akatumia ya mpenzi wake, aliyoirekodi kimyakimya wakiongea.

Jumatatu kichujio kikafungwa ghorofa ya tano kwa majaribio ya saa moja. Saa hiyo mzee mmoja wa sauti ya kukwaruza akapiga, kifua kimembana. Dada akasikia kimya, akakata. Mzee aliponea tundu la sindano, jirani alipomkimbiza hospitali. Alhamisi saa nne dada akaitwa na wakubwa, afukuzwe kwa uzembe.

Asubuhi hiyo fundi akaipitisha rekodi ya simu ya mzee kwenye kichujio. Kikaifuta yote. Kilikuwa kimelelewa na sauti moja. Nyingine zote kwake ni kelele. Akapanda ngazi mbio, akamkuta dada mlangoni kwa wakubwa, akamweleza yote.

"Ulinirekodi?"

"Nilikurekodi, mpenzi."

"Mzee wa watu nusura afe, kisa wewe unataka kunisikia mimi tu."

Fundi akamtangulia kuingia, akakiri. Kufika mchana hana kazi. Dada anayo yake, na simu za fundi hapokei.

Fundi akamwendea mzee, akaomba radhi, akaomba na ruhusa ya kurekodi sauti yake. Akaongeza za watoto, walevi, wenye mafua, mia mbili kwa jumla, akazalisha upya, akapeleka kichujio ghorofa ya tano bure. Wiki ya tatu simu yake ikaita.

"Unarekodi?" dada akauliza.

"Hapana. Nataka nikuoe."

Kimya. Kirefu. Fundi hakukata.

"Upo?"

"Nipo."

"Mzee wako amepiga leo, nimemsikia mpaka anavyohema. Njoo uniulize tena, huku nikikuona."