Hadithi Aliyoikatiza Labhrás

Mimi ni fundi wa kuezeka mapaa ya nyasi. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Sipendi uongo, na mwongo namwambia palepale. Kwa hiyo nayasema haya kama yalivyokuwa.

Jioni ya Novemba, mvua ikinyesha, nilimpelekea kapu la viazi Baibín, mjane wa Labhrás. Labhrás ndiye aliyekuwa msimuliaji wetu. Majuma matatu nyuma alikaa kando ya moto na binti yake Sorcha, wa miaka minane, pamoja na mpita njia ambaye hakuna aliyemjua. Baibín alikuwa zizini; alimsikia mgeni sauti tu, hakumwona. Aliporudi, mgeni hayupo, na Labhrás amenyamaza katikati ya hadithi. Siku ya tatu akafa, hajatamka neno.

Sorcha naye hakusema tena.

"Hadithi imemkwama kooni," Baibín alininong'oneza. "Wewe uliiandika, Beartla. Msomee afunguke."

"Mwisho wake sina. Labhrás hakuwahi kunipa."

"Soma ulichonacho! Mbishi kama mbuzi wewe!"

Nikatoa daftari langu kotini, nikalifungua. Sorcha akanikamata mkono wa koti, akatikisa kichwa. Nikadhani anamkumbuka baba yake.

Ko. Ko. Ko.

Akaingia mzee mrefu, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mgeni, kile kinachoachwa wazi kando ya moto. Kwetu hata mlevi akiingia husema, "Mungu awabariki waliomo." Huyu hakusema. Nyuma yake ikaja harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Umetoka wapi, bwana?"

"Chini."

"Chini wapi? Ufukweni?"

"Chini tu."

"Na mvua yote hii, koti lako kavu?"

Baibín akanifinya. "Mgeni hahojiwi, Beartla!"

Mzee akatabasamu. "Hadithi ya kwanza ni ya mwenyeji. Zinazofuata ni za mgeni, hadi kuche. Au desturi mmeitupa?"

"Hatujaitupa," nikamjibu kwa hasira. "Leo mimi ndiye mdomo wa nyumba hii."

Nikasoma. Mfalme aliyepotea bondeni, farasi wake, mlango ndani ya kilima... Mzee aliifuata kila sentensi kwa midomo, kama mtu anayeimba wimbo anaoujua. Moto ukawa mdogo. Nikafika mfalme aliponyoosha mkono kuugusa mlango.

Karatasi ikaisha.



"Endelea," mzee akanong'ona. "Mwenyeji asipomaliza, mimi siwezi kuanza."

Kucha za Sorcha zikanizama mkononi.

"Malizia!" Baibín akalia. "Buni chochote! Mtoto wangu, Beartla!"

Nami, nisiyependa uongo, nikabuni. Mlango ulifunguka, nikasema, mfalme akarudi kwake, na hadithi ikaishia hapo.

"Baba alinyamaza makusudi!"

Ilikuwa sauti ya Sorcha. Baibín akamkumbatia, analia kwa furaha. Mimi hapo ndipo nilipoelewa. Labhrás alijua ni nani aliyekuwa amekaa pale. Alikufa ameushikilia mwisho ule kama mtu anayeshikilia komeo, na mtoto akaushikilia baada yake.

Mzee akakisogeza kiti karibu.

"Ahsante. Nimeingoja sana zamu yangu."

Alichosimulia sikijui. Nakumbuka jogoo, kisha mwanga dirishani. Kiti kitupu. Moto wa nyumba ile, ambao haukuwahi kuzimika tangu enzi za babu yake Labhrás, ulikuwa majivu ya baridi. Sorcha alikuwa amejificha chini ya koti langu, ameziba masikio. Na Baibín alikaa akikitazama kile kiti, anatabasamu, midomo inacheza bila sauti.

Mpaka leo yuko hivyo.

Sorcha tunamlea mimi na mke wangu. Anaongea vizuri, ananitania kwa usomaji wangu wa kubabaika. Jana jioni aliniomba hadithi. Nikakaa, nikafungua kitabu.

"Mjomba Beartla," akanong'ona, "kile kiti kitupu kando ya moto umemwachia nani?"

"Sijamwachia mtu."

Akaniangalia. Akakifunga kitabu, taratibu.

"Basi usianze."