Wiki ya Kufunga Mdomo

Kisa hiki cha mke na mume alinipa dada yake mke, mvua za mwaka huu zilipoanza, tumekaa benchi la hospitali tunangoja dawa. Nakiandika kama alivyonieleza.

“Begi la nini hilo?” mume aliuliza mlangoni, tai mkononi.

“Nakwenda kwa dada. Kule angalau watu wanaongea.”

Mume ni mmoja wa wale wa benki kuu wanaokaa kikao kuamua riba ipande au ishuke. Mke ana karakana ya kushona sare, na mafundi wake humtania shemeji yao kwa kumwita Gavana. Sasa, wiki ya kikao mjumbe hatakiwi kuzungumzia riba na mtu wa nje. Bwana huyu akaizidisha amri, akafunga mdomo kwa kila kitu.

Mke alimwandikia: “Nichukue mkopo wa cherehani mpya au nisubiri?” Kimya. Siku ya kikao akaandika tena: “Kama kuna mwingine niambie.” Kimya. Mchana huo redio ikatangaza riba imepanda, na jioni mume akarudi akakuta begi.

“Hakuna mwingine,” mume alisema, akakaa ukingoni mwa kitanda. “Ujumbe wako nimeuona sasa hivi. Simu tunaziacha nje.”

“Na juzi? Nimekuuliza chumvi iko wapi, ukanitazama tu.”

“Niliogopa nikianza na chumvi nitamalizia na riba.”

Siku nyingine mke angecheka. Alikuwa amechoka mno.

“Mwenye duka aliyeniagiza sare kasikia redioni, kafuta oda yake. Ananunua kwa mkopo, huyo. Nimewarudisha mafundi wawili nyumbani. Wewe ulisemaje humo ndani?”

Mume alikunja tai, akaikunjua.

“Nilisema ipande.”

“Ukijua?”

“Nikijua. Unga unapanda kila wiki, na mwalimu mshahara wake uleule, mstaafu pensheni yake ileile. Bei inamla kila mtu kimyakimya. Riba inawala wachache, ila waziwazi. Tukiiacha chini, kazi zinabaki na bei zinakimbia. Nilikufikiria mke wangu, nikachagua hivyohivyo.”

“Fundi wa vifungo ana mapacha wananyonya. Hakuniuliza kitu. Alikunja aproni yake, akaiweka juu ya cherehani, akaaga.”

“Na kura yangu imo humo.”

“Ungenidanganya kwamba ulikataa ukashindwa, ningeamini.”

“Najua.”

Mke alilisukuma begi chini ya kitanda.

“Kesho tutakwenda kwake wote. Umwambie haya uliyoniambia.”

“Atanitukana.”

“Atukane. Utasikiliza. Ila usinifungie mdomo tena mimi. Riba funga, chumvi niambie.”

“Nitakuja. Na chumvi iko nyuma ya sukari.”

Mke akatoka nje, akampigia dada yake.

“Dada, leo siji.”

“Kwa hiyo hakuna mwanamke?”

“Yupo. Anaitwa Riba.”

“Mzuri?”

“Ana roho ngumu, dada. Lakini sitamwachia nyumba.”

Aliporudi chumbani, mume alikuwa amelala na viatu, jua bado liko dirishani. Mke akakaa kumtazama, amemkasirikia bado, hasira za mtu asiyeondoka. Akajinyoosha kando yake kupumzisha mgongo kidogo tu, na usingizi ukamchukua yeye pia.