Niangalizie Begi

"Shemeji, mzigo uko lango la kumi na nne. Una dakika arobaini."

Sauti ya Shangazi ilitoka kwenye kifaa kidogo kilichozama sikioni mwake. Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa idara. Na yeye jina la Shemeji alibandikwa ofisini kwa sababu popote alipoketi, baada ya dakika tano watu walimzoea kama vile kaoa kwao.

"Mzigo gani?"

"Kadi ya kumbukumbu. Ina majina thelathini na moja ya watu waliotusaidia kuwanasa wauza silaha. Ikivuka, wote ni maiti."

"Nani anayo?"

"Abiria. Huenda hata mwenyewe hajui."

Walther yake ilikuwa kwapani, lakini bastola haijui kupiga soga. Shemeji akaenda kuketi katikati ya watu.

Ndege ilikuwa imechelewa, na abiria waliocheleweshwa hugeuka ndugu. Kulia kwake alikaa fundi wa lifti, mnene, mcheshi, anayekwenda kufunga lifti kwenye jengo la ghorofa hamsini. Kushoto alikaa mama mtu mzima, mshonaji nguo, miwani yake imefungwa uzi. Mbele yao alikuwepo mwalimu wa hesabu mwenye koti la kijivu.

"Mimi ndiye ninayewapandisha wakubwa," fundi alikuwa akisema. "Siku nikikosea, nawashusha wote kwa mpigo mmoja."

Wakacheka. Hata Mwalimu alicheka.

"Na wewe mama, unakwenda kutembea?" Shemeji akauliza.

"Kutembea wapi, mwanangu! Binti yangu anapasuliwa moyo kesho asubuhi. Madaktari wanasema nusu kwa nusu. Kaniambia, 'Mama, sipandi kile kitanda kabla sijakuona.' Basi ndiyo naenda anione."

Kicheko kikakatika.

"Mungu yupo, mama," fundi akasema.

"Yupo. Ndege ndiyo haipo."

Akalipapasa begi lake. "Huyu Mwalimu naye kaniomba nimbebee zawadi ya harusi ya mpwa wake. Mizigo yake imezidi kilo. Nikamwambia lete, safari ni kusaidiana."

"Mama ana roho nzuri," Mwalimu akasema.

"Mimi mzigo wa mtu sibebi," fundi akadakia, "hata uwe wa mke wangu."

Shemeji alikuwa akiitazama kadi ya kupandia ndege iliyochungulia mfuko wa shati la Mwalimu. Mgongo wa kadi, uliogeukia nje, ulikuwa mtupu. Anayekabidhi mizigo kaunta hubandikiwa risiti pale nyuma. Huyu hakukabidhi hata soksi.

Sasa ni kilo zipi zilizozidi?

Mwalimu akainuka kwenda kununua kahawa. Mama naye akainuka, akishika kiuno.

"Mwanangu, niangalizie begi. Nikanawe uso."

"Nenda mama. Nipo."

Fundi alikuwa amezama kwenye Samsung yake. Shemeji akavuta zipu.

Fremu ya picha, imefungwa kwa karatasi ya maua. Akaibandua karatasi upande mmoja. Nyuma ya kioo, baba, mama na watoto wawili wenye meno meupe. Ile familia inayouzwa na fremu. Lebo ya duka ilikuwa bado iko pembeni. Akapenyeza ukucha nyuma ya kadibodi.

Kadi ikaangukia kiganjani mwake.

"Ninayo," akanong'ona. "Ni Mwalimu."

"Safi."

Kwenye kibanda cha kahawa, wafagiaji wawili wakamshika Mwalimu viwiko kwa upole, kama wanaomsaidia mgonjwa. Hakuna aliyegeuka. Kahawa yake ikabaki kaunta ikipoa.

"Mama asipande," Shangazi akasema.

"Hana kosa, Shangazi."

"Najua. Mwalimu alishatuma picha ya mama kule, tumeinasa sasa hivi. Wauza silaha wanamsubiri. Wasipoiona kadi watamuuliza, na unajua wanavyouliza."

Shemeji alijua. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikuwa na kucha.

"Apewe mlinzi akishuka."

"Kule hatuna mtu."

"Basi nimweleze ukweli."

"Mweleze, atapanda vilevile. Mama gani asiyepanda? Na askari wasionekane, Mwalimu huenda ana mwenzake hapo. Mzuie kimyakimya. Ndege nyingine ni baada ya siku nne. Watakuwa wametawanyika."

Siku nne. Upasuaji ulikuwa kesho asubuhi.

Shemeji alitamani kulia, na si mtu wa kulia. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa mbele wa begi, akatoa pasipoti ya mama, akaitia ndani ya koti lake.

Mama alirudi uso ukiwa na matone ya maji. Papo hapo abiria wakaitwa.

Akafungua mfuko wa mbele. Akafungua wa pembeni. Akamwaga kila kitu juu ya kiti: dawa, kanga mbili, kitana, miwani ya akiba, ile fremu.

"Niliiweka hapa. Hapa hapa!"

"Huenda kuna mtu kaichukua," fundi akasema.

"Nani aichukue? Huyu mwanangu hakubanduka hapa. Ni mimi. Ni uzee huu."

Akapiga magoti kuchungulia chini ya viti. Shemeji naye akapiga magoti kando yake, akapapasa sakafu baridi huku pasipoti ikimchoma mbavu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kitakusaidia kutafuta.

"Samahani mama," mhudumu wa lango akasema. "Bila pasipoti siwezi."

Mama hakupiga kelele. Aliketi, akalichambua lile rundo la vitu, akatoa sweta ya buluu iliyofumwa kwa mkono.

"Basi nenda wewe, mwanangu. Mpelekee hii. Jina la hospitali liko kwenye karatasi, mfukoni. Mwambie mama yake msahaulifu, lakini hakumsahau yeye."

"Nitaifikisha, mama."

Akaingia kwenye njia ya kuendea ndege. Karibu na mlango wa ndege palikuwa na ngazi ya mafundi. Akamshika fundi wa lifti bega.

"Ndugu yangu, nisaidie. Ifikishe hospitali leo."

Fundi akamtazama usoni, kisha akaitazama sweta.

"Si na wewe unakwenda huko huko?"

Shemeji akazidi kumnyooshea sweta.

"Nilishasema, mzigo wa mtu sibebi. Usinichukie, ndugu." Akapita.

Shemeji akateremka ngazi. Jua la mchana likampiga usoni.

"Kazi nzuri," Shangazi akasema. "Pasipoti itaokotwa msalani jioni. Thelathini na moja wako hai."

"Nina sweta ya kufika hospitali kule kabla ya asubuhi. Nani ataipeleka?"

Kifaa kikakoroma kidogo.

"Shemeji, nimeshakwambia. Kule hatuna mtu."

Akavaa miwani ya jua, akaikunja sweta mkononi, akatembea kuelekea geti la wafanyakazi bila haraka, kama mtu aliyemaliza kazi. Nyuma yake ndege ilianza kusogea.