Ndimi Nne Sufuriani

Jioni ile mke wangu alinituma nikachukue fungu letu la nyama kwa Heche, hapa hapa Kenyamonta. Naandika kwa sababu kusimulia siwezi tena. Mtaona.

Asubuhi ya siku hiyo mjane Modesta alileta mnadani ng'ombe wake wa pekee, amlipie binti yake upasuaji. Ndama alimwacha nyumbani. Sisi wanunuzi wanne tulishakubaliana: Heche ataje bei, mimi, Wangwe na Mwikwabe tufunge midomo, kisha tuchinje tugawane. Ng'ombe wa milioni na ushee akaenda kwa laki nne. Dalali alinadi mpaka sauti ikamkauka. Modesta akanisogelea.

"Werema, mura, kijana wangu, taja bei. Hata moja tu."

Nikatazama viatu vyangu. Nikikumbuka najichukia.

Kwa Heche, harufu ilinipokea kabla ya mbwa. Haikuwa ya nyama... Ilikuwa harufu ya kinywa cha mgonjwa asiyepiga mswaki wiki nzima. Heche alikuwa amechuchumaa jikoni, macho yamemtoka.

"Nilichemsha ulimi mmoja," akanong'ona. "Mmoja tu, Werema. Funua."

Supu ilikuwa ikitokota. Gubu... gubu...

Nikafunua.

Ndimi nne.

Mmoja mkubwa, wa ng'ombe. Tatu fupi, laini, zikigeukageuka kwenye povu la kijivu. Mmoja kati ya hizo fupi ulikuwa na kovu karibu na ncha. Kovu lile nalijua. Nililipata utotoni, nilipoanguka na baiskeli nikajiuma.

Nikatia vidole mdomoni.

Ulimi ulikuwepo. Mnene. Unakwaruza kama msasa. Kovu... hakuna.

Nilitapika pale pale, juu ya mafiga. Heche alikuwa mzima, akilia na kuapa kwa sauti yake ileile. Yeye ndiye aliyepanga uchafu wote, lakini yeye peke yake ndiye aliyefungua mdomo mnadani.

Nikakimbilia kwa Modesta na pesa zote nilizokuwa nazo. Alikuwa mlangoni, binti yake amelala mapajani. Hakushangaa kuniona.

"Umekuja," alisema taratibu. "Haya, taja bei."

Nilitaka kusema milioni moja, mama, unisamehe. Nikafungua kinywa.

Zizini, ndama akaitika.

Akaruka ua, akaja mbio hadi kwangu, akaanza kuninyonya vidole.