Upande wa Pili wa Mashua

Rangi ilimwishia Jean-Marie kwanza.

Ilikuwa jioni. Jua lilikuwa limezama nyuma ya vilima vya Masisi, lakini mwanga ulikuwa bado umebaki juu ya ziwa. Emérita alikuwa amechuchumaa upande wa mashua unaotazama maji, akipaka. Mumewe alikuwa upande wa pili, ule unaotazama migomba. Katikati yao lilining'inia tumbo la mashua, limewekwa juu ya magogo. Wangeweza kusikilizana. Kuonana, hapana.

“Mama Céline,” Jean-Marie aliita. “Rangi imeisha huku. Naenda ku duka ya Papa Katembo kutafuta ingine.”

“Yangu iko kidogo tu.”

“Weye endelea. Na burashi yangu imekauka, nakwenda nayo, ataniwekea mu petroli. Narudi mbio.”

Emérita akasikia hatua zake juu ya mawe meusi, zikipungua, zikipungua. Kisha kimya.

Mashua ile ilikuwa ya mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, aliyekuwa akitembea nayo ziwani siku za Jumapili, Jean-Marie akimshikia tanga. Mwaka wa uhuru mzungu akaondoka bila kuaga. Mashua ikabaki na Jean-Marie, ikawa ya kubeba maharagwe na mihogo kutoka Shasha hadi Goma. Sasa ulikuwa mwaka wa sitini na sita, na tumbo lake lilikuwa limeota ukoga, linavuja. Fundi aliyezoea kuipaka alikuwa amekimbilia Bukavu wakati wa vita vya vilimani na hakuonekana tena. Basi mke na mume wakaamua kuifanya kazi wenyewe. Walikwangua ukoga. Wakasugua mbao kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Wakaziba nyufa kwa pamba na lami. Sasa ilibaki rangi nyekundu ya chini, mkono wa mwisho.

Upande wa Jean-Marie ardhi ilikuwa imeinuka mno hata mkuku, ule mti mnene wa chini kabisa, ukagusa udongo. Ndipo akachimba shimo, kina cha kiuno, apate kuingia chini na kufika mahali mkono haufiki. Asubuhi ya siku ile kuku wa jirani yao, bibi Nyirabagenzi, alikutwa amelala ndani ya shimo hilo. Hana jeraha. Hana hata unyoya uliong'oka. Amelala tu, amekufa. Bibi alimchukua bila kusema sana, akasema neno moja tu: “Mutafute kufunika hii kitu.” Hawakufunika. Kazi ilikuwa inakaribia kwisha.

Emérita alipaka. Alichovya, akapaka. Alikuwa mtu wa kazi, kila mtu Shasha alijua hivyo. Walichosema pembeni ni kwamba hajamlilia mtoto wake aliyekufa. Mwaka mzima, hata chozi moja. Hawakumwelewa. Si kwamba alikuwa amejikaza. Ni kwamba kitu ndani yake kilikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na hakikuamka tena. Juzi alijikata kidole kwa kisu cha mihogo, akasimama akiangalia damu inavyoshuka mpaka mtu mwingine akapiga kelele.

Fyaa... fyaa...

Burashi upande wa pili. Mbichi, inatembea taratibu juu ya mbao.

“Umerudi mbio kweli,” alisema.

Burashi ikasimama. Kisha ikaendelea.

“Nimerudi.”

Sauti ilitoka chini, nzito kidogo. Emérita akafikiri yuko ndani ya shimo. Akaendelea kupaka. Upepo wa ziwani ulikuwa umesimama. Ile harufu kali ya lami na rangi, iliyomchoma pua mchana kutwa, ilikuwa imeondoka. Akavuta hewa kuitafuta. Hakuna kitu.

“Umechoka?” sauti iliuliza.

Jean-Marie alikuwa mume mwema, lakini hilo hakuwahi kuliuliza.

“Sijui,” Emérita alijibu.

“Emérita.”

Mkono wake ukasimama. Tangu ajifungue, hakuna aliyemwita jina hilo. Watu wote walimwita Mama Céline, na hata baada ya Céline kufa waliendelea, mumewe pia, kila siku, bila kujua wanachomfanyia.

“Uniambie,” sauti ilinong'ona.

Na Emérita akamwambia.

Hakujua kwa nini. Pengine kwa sababu hakuwa anamwona usoni. Jean-Marie alikuwa na hadithi yake, aliyowapa watu wote waliokuja kuwapa pole: kwamba vita vilipofika Karuba, kule vilimani, mke wake alishuka na mtoto mgongoni mpaka ziwani, mtoto ana homa, na yeye akawapokea pale ufukoni, na Céline akafungua macho, akamtazama baba yake, ndipo akakata roho mikononi mwake. *Alinitazama.* Neno hilo ndilo lililokuwa likimsimamisha.

“Hakukutazama,” Emérita aliiambia mbao. “Alikufa ku njia. Juu ya Sake, pale ku kona, pale unaona ziwa mara ya kwanza. Nilimwambia, Céline, ona maji. Akanyamaza. Nikagusa muguu. Ilikuwa baridi.”

Fyaa... fyaa...

“Nikaendelea. Nilikuwa nikimuimbia, juu watu bengine wasijue, wasiniambie tumuzike pale, mahali hatujui. Nikafika, nikakupa. Ukasema amekutazama. Nikaacha useme.”

Burashi ilikuwa sasa mbele yake kabisa. Ilipaka alipopaka, ikasimama aliposimama. Ubao mmoja tu ndio uliowatenga.

“Ulimubeba sana,” sauti ilisema.

“Ndiyo.”

“Muweke chini sasa.”

“Nimuweke wapi?”

“Huku. Ingia, ulale kidogo. Huku hakuna kitu inauma.”

Emérita akaweka burashi yake juu ya kopo. Kichwa kilikuwa kizito, kitamu, kama cha mtu aliyeota moto baada ya mvua. Akazunguka nyuma ya mashua akishika mbao kwa mkono. Akafika ukingoni mwa shimo. Lilikuwa jeusi. Akapiga goti moja.

“Mama Céline!”

Akageuka.

Jean-Marie alikuwa anashuka kwenye njia ya migomba. Kopo la rangi kichwani. Burashi mkononi.

Na nyuma ya Emérita, shimoni...

Fyaa... fyaa...

Kisha ikanyamaza.

“Papa Katembo yule!” Jean-Marie alikuwa anacheka akija. “Nimekuta bako mu rozari, yeye na bibi yake, nikasimama pale mpaka amina ya mwisho.” Akatua kopo. Akatazama mashua, na kicheko kikamwisha.

“Nani amepaka huku?”

Upande wake, aliokuwa ameuacha nusu bila rangi, ulikuwa mwekundu wote. Rangi ilikuwa bado mbichi, inang'aa, haina hata alama ya burashi. Ilishuka mpaka chini ya mkuku, ikapotelea gizani.

“Ni weye?”

Emérita alitaka kusema usiingie. Neno lilimfika mdomoni, likakaa pale. Hakuwa na hofu, hilo ndilo lilimshangaza baadaye. Alikuwa anamtazama mumewe kama unavyotazama mbuzi wa mtu mwingine anavuka barabara.

Jean-Marie aliingia shimoni. Akainama chini ya mashua.

“Kumbe iko mubichi,” alisema.

Akakohoa mara moja.

Kisha ikasikika sauti ya mtu anajilaza.

Kimya.

Emérita alisimama pale. Ndege wa majini alilia mbali. Alifikiri, lazima nifanye kitu, na wazo lilipita kama linamhusu mtu mwingine. Halafu miguu yake ikaamua yenyewe. Alivuta pumzi, akaifungia kifuani, akashuka.

Ndani hakukuwa na harufu. Hakukuwa na mwanga. Alipapasa.

Mikono yake ilishika mguu.

Kisha mguu mwingine.

Kisha wa tatu.

Yote ilikuwa baridi. Kifua kilianza kumwaka. Alitaka kuita jina, lakini angeita angevuta hewa ile iliyomlaza kuku na mumewe. Akapapasa tena, huku na huku, na yote ilikuwa miguu ya mwanamume, yenye nyayo ngumu za mtu wa mashua. Mmoja ukavutika kirahisi, kama unaotaka kutoka. Ndio aliouvuta.

Alimtoa mpaka ukingoni, akamwangusha juu ya mawe, akaanguka naye. Alikuwa Jean-Marie. Shati ni lile, uso ni ule. Hakuwa anapumua. Emérita akapiga kelele, na sauti yake mwenyewe ikamrudia kutoka ziwani kama ya mgeni.

Bibi Nyirabagenzi ndiye aliyefika wa kwanza, na majirani nyuma yake. Walimmwagia maji, wakampiga mgongoni. Akavuta pumzi moja ndefu, akafungua macho. Watu wakamshukuru Mungu. Bibi akachukua konzi ya majani makavu, akayawasha, akayashusha shimoni kwa mti mrefu. Moto ulipofika chini ya ukingo ulizimika, kama umefunikwa kwa kiganja.

“Mazuku,” alisema. “Hewa mbaya inatoka mu udongo, inalala mu mashimo. Haina harufu, haina kelele. Njo iliua kuku yangu. Mazuku inaitaga muntu kwa sauti ya ule anamupenda.”

“Kuna muntu mwingine ndani?” mmoja aliuliza.

Wakashusha taa. Ikazimika. Wakaiwasha, wakaishusha tena. Ikazimika. Hakuna aliyeona chini.

“Mama Céline, mulikuwa bangapi?”

Emérita aliangalia mikono yake. Ilikuwa na rangi nyekundu mpaka viwiko.

“Tulikuwa babili,” alisema.

Basi wakalifukia shimo jioni ile ile, wanaume kwa majembe, wanawake kwa mawe. Emérita naye alibeba mawe. Aliyatupa ndani moja baada ya lingine, akisikiliza. Mengine yaligonga mawe. Mengine hayakutoa sauti ya kugonga.

Jean-Marie alilala siku chache, akaamka mzima. Katembo mwenye duka alikuja kumwona na kuapa kwamba Jean-Marie alikuwa amesimama mlangoni kwake rozari nzima; aliyepaka upande ule hamjui. Watu walilizungumza kidogo, wakaliacha. Mashua ikashushwa majini. Haikuvuja hata tone.

Mabadiliko yalikuwa madogo. Hakuna aliyeyaona ila mke. Mumewe alianza kumwita Emérita. Akawa mpole, msikivu, hapandishi sauti. Wageni walipokuja kuzungumza habari za marehemu mtoto, aliwaacha waseme, na lile neno *alinitazama* halikutoka tena mdomoni mwake. Siku moja mchana, wakila bugali, alinyoosha mkono akamshika begani, pale kitambaa cha kubebea mtoto hukata.

“Ulimubeba sana,” alisema. “Kutoka kule ku kona mpaka huku. Ulichoka.”

Emérita alimtazama. Akamwongezea mboga.

Wakati wa mavuno ya maharagwe alikuja Damien, mdogo wake Jean-Marie, kutoka Buleusa, safari ya kuvuka msitu na vilima. Ndugu walikumbatiana. Walikaa mchana kutwa kwenye baraza wakinywa kasiksi, pombe ya ndizi, wakikumbushana habari za utoto wao, na kutoka jikoni Emérita alimsikia Damien akicheka sana. Halafu akasikia ameacha kucheka.

Asubuhi Damien alisema anarudi. Alikuwa amepanga kukaa wiki. Emérita alimsindikiza mpaka barabara ya Minova, na pale, mbali na nyumba, shemeji yake alimshika mkono.

“Shemeji. Ule muntu uko naye mu nyumba...”

Akameza mate. Macho yake yalikuwa mekundu, hakuwa amelala.

“Jana ameniambia maneno baba alisema wakati anakufa. Yote, sawasawa. Jean-Marie hakukuwa kule, alikuwa huku ku ziwa na muzungu wake. Ni miye peke yangu nilikuwa na baba. Sikuambiaka muntu. Hata bibi yangu. Niliyasema mara moja tu, peke yangu, ku kaburi. Mudomo chini, ku udongo.”

Emérita alitazama kifurushi cha njiani alichombebea.

“Twende,” Damien alinong'ona. “Sasa hivi. Usirudi kutafuta hata nguo. Buleusa tuko na nafasi.”

Emérita aligeuka kutazama ufukoni. Mashua ilikuwa imefungwa pale, tumbo lake jekundu likionekana na kujificha kila wimbi dogo lilipopita. Mtu alikuwa amesimama kando yake akikunja tanga, amewapa mgongo. Hakugeuka. Akainua mkono juu, taratibu, akawapungia, ingawa walikuwa mbali na hakuna aliyemwita.

“Ninajua, shemeji,” Emérita alisema.

Damien akauachia mkono wake.

Emérita akampa kifurushi cha njiani, bugali na samaki wa kukaanga, amevifunga vizuri kwenye jani la mgomba. “Usalimie bote kule,” alisema. Akasubiri mpaka shemeji yake alipopotea kwenye kona, anatembea upesi, anageuka nyuma kila mara. Halafu akashika njia ya kurudi, maana sombe ya majani ya mihogo ilikuwa bado motoni, na yule aliyekuwa anamngoja hakupenda kula peke yake.