Kikapu cha Harusi ya Nshoma

Kila asubuhi tulifagia darasa letu la sita huku baridi ya Rulenge ikituuma vidole. Asubuhi moja Mwalimu Dafroza aliingia na nakala nne za riwaya mkononi, hizo hizo nne kwa wanafunzi arobaini na watano. Sasa nasomea ualimu mbali na nyumbani, na asubuhi zile nazikumbuka mpaka moyo unauma.

Kila mmoja alikaa na kitabu siku tatu. Kilimhusu Nshoma, msichana wa wafugaji waliohamia Biharamulo, aliyeletewa posa angali shuleni. Mwalimu hakutaka muhtasari. Alisema riwaya ni mtu anayezungumza nasi, kwa hiyo kila mmoja aijibu kwa njia yake. Irakoze alichora ramani ya safari za Nshoma. Ngassa, ambaye kwao pia ni wafugaji, alimtungia wimbo. Kazi tatu bora zingeonyeshwa siku ya wazazi, na bibi yangu Auleria, aliyenilea, alikuwa ameshafua kitenge cha kuendea.

Mimi kusuka nilikupenda kuliko kusoma. Nilisoma sura mbili, nikaiona posa, nikafunga kitabu. Kwetu bibi arusi husindikizwa na vikapu vyenye vifuniko vilivyochongoka, basi nami nikamsukia Nshoma chake kwa nyasi laini za bondeni na nyuzi za mgomba. Kilipendeza kweli, sitajidai kusema vinginevyo.

Zamu yangu ilipofika nilikiweka mezani, nikaeleza kwamba ni zawadi ya harusi.

“Harusi ipi, Agripina?” Ngassa akauliza. “Nshoma si aliikataa ile posa, akarudi shule?”

Wenzangu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu Dafroza akawanyamazisha, akaniuliza kwa upole kama labda nimetunga mwisho wangu mwenyewe, maana hata hiyo ni njia ya kuijibu riwaya. Nikadaka neno lake hilo hilo. Nikasema ndiyo, na kikapu changu kikachaguliwa.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia jikoni kwetu jioni ile ile. Bibi alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba kikapu changu kimechaguliwa. Alikaa akichambua maharage, akataka nimsimulie huyo Nshoma aliolewa na nani na mahari ilikuwa ng'ombe wangapi. Nikalia, nikamweleza yote.

Bibi hakunigombeza. Alisukuma maharage kando, akasema, “Kusuka unajua, mjukuu wangu. Kesho nenda kaseme kweli, hata kama kitenge changu kitabaki kwenye kamba.”

Asubuhi nilimkuta mwalimu mlangoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia sikutunga mwisho wowote, kitabu sikukisoma. Alinitazama kwa huzuni. Nafasi yangu akampa Ngassa, nami nikamwomba anipe kitabu kwa siku tatu nyingine.

Safari hii nilikisoma chote, nimekaa migombani, mbuzi wakila wapendavyo. Nshoma alipopiga magoti mbele ya baba yake na wazee, akiomba aachwe amalize shule, nililia kama ndugu yake. Ndipo nilipoona nilichokuwa nimefanya.

Siku ya wazazi bibi alikuja na kitenge chake, akakaa mbele, akampigia Ngassa makofi kuliko mtu yeyote. Nilimpenda mno siku ile. Watu walipotawanyika nilimpelekea mwalimu kikapu, ndani yake nimeweka barua. Aliifungua, akaisoma kwa sauti:

“Dada Nshoma, nisamehe. Nilikuoza bila kukuuliza, kama wale wazee wa kwenu. Ningekusikiliza mpaka mwisho, ningejua hukutaka harusi. Kikapu hiki tilia madaftari yako.”

Mwalimu Dafroza alicheka, kisha akafuta macho.

“Agripina,” akasema, “kikapu hiki nilikichagua kikiwa kitupu, na hapo tulikosea wote wawili. Mikono yako hodari iliweza kunidanganya mimi na darasa zima, lakini Nshoma isingemdanganya. Ukitaka kumjibu mtu, kwanza msikilize mpaka amalize.”